Kabla Hamjamwaga Zege

Mzee Kisoka, mweka hazina, na ninyi wanakamati,
nimeliona lori la kokoto getini leo asubuhi.
Nimeiona na ramani: bembea tatu za chuma,
mtelezo mwekundu wa plastiki, sakafu pana
inayofagilika. Ni nzuri. Sibishi.
Naomba tu, kabla koleo la kwanza halijazama,
njooni nyuma ya darasa la awali saa nne,
na mje na viatu msivyovionea huruma.

Hapa ndipo mfongo unapokatiza ukishuka kutoka Uru,
maji membamba, baridi ya kung'ata vidole vya mguu,
baridi iliyolala usiku kucha mlimani.
Hapa pana mzizi wa mringaringa uliochomoza
kama goti la mtu anayeota jua.
Kila mtoto wa shule hii amewahi kuanguka pale.
Kila mtoto, mara moja.
Mara ya pili mguu unajua wenyewe.

Ndeshi wa Mama Aikande
alimaliza muhula mzima hajafungua kinywa.
Nilimwimbia a e i o u, nikamwonyesha picha ya mbuzi,
akanitazama kama anasikiliza redio ya jirani.
Wakaniambia apelekwe hospitali, apimwe masikio.
Kisha siku moja ya Aprili, masika yamepumua kidogo,
wenzake wanaziba mfongo kwa gogo la mgomba na tope,
maji yanapasua ukuta,
na Ndeshi, magoti ndani, kitako juu, akapasa sauti:
"Shika hapa! Hapa! Wewe, shika!"
Neno lake la kwanza shuleni lilikuwa amri.
Nilisimama na chaki mkononi mpaka ikaloa.

Simwambii mtu kwamba tope ni dawa.
Kuna mafua. Kuna sare za kufuliwa mara mbili.
Kuna Eliapenda na mwiba wake wa Jumanne,
mama yake alikuja juu, na alikuwa na haki.
Lakini nimekaa nikawahesabu:
kwenye bembea kuukuu, mmoja juu, sita wananuna;
mfongoni kumi na tisa, na hakuna anayeuliza zamu,
kwa sababu jani la mgomba leo ni paa,
kesho ni shuka la mgonjwa,
na daktari ana jongoo kiganjani,
anamngoja ajikunjue, hata kupumua hapumui.

Wakikosana, mmoja huenda kwenye ua,
akachuma jani la isale, akamnyooshea mwenzake
bila neno, kama walivyoona kwa babu zao.
Mimi sikuwafundisha.
Na hesabu? Walifika themanini na tatu
wakimsubiri kinyonga avuke tawi.
Darasani tulikuwa tumekwama ishirini.

Mzee Kisoka, wewe ni mtoto wa hapa hapa Rau.
Kovu lile juu ya nyusi, unalolificha kwa kofia,
nilimwuliza dada yako. Alicheka mpaka akakaa chini.
Akasema ulikuwa ukiteleza kwa ganda la mgomba
toka kwa kina Ndesamburo mpaka mtoni,
unarudi huna kaptula,
na hakuna aliyekupigilia hata msumari mmoja.

Sisemi mrudishe lori.
Jengeni mbele, karibu na bendera,
wageni wapate pa kupigia picha.
Niachieni hatua ishirini na mbili, nimezipima
kwa miguu yangu, toka mringaringa mpaka kwenye maji.
Niachieni na goti lile.

Saa nne, basi. Kengele ikilia
msisimame mlangoni,
mtasukumwa.