Mshono wa Ndani

Walituita hotelini, sisi wazawa
wa cherehani, asali na sabuni,
tujadili kwa siku moja na nusu
namna ya kuingia kwenye zabuni.
Nilitoka Unga Limited viatu mkononi,
matope ya Aprili hayamheshimu mwenye mwaliko,
nikavivaa getini, mbele ya mlinzi
aliyejifanya anatazama Mlima Meru.

Mfuko wa wafadhili ulikuja na mikoba:
mmoja kila kiti, kalamu, daftari, chupa ya maji,
na nembo ya mti wenye mizizi mingi.

Mtoa mada akasema, tatizo lenu ni dhamana.
Kweli.
Tatizo lenu ni hesabu zilizokaguliwa, miaka mitatu.
Kweli tena. Zangu hukaguliwa kila Jumamosi
na Naishiye, mkata vitambaa,
na hajawahi kunisamehe hata shilingi mia.
Tatizo lenu, akasema, mnaogopa fomu.

Hapo nikamkumbuka karani wa hospitali,
mwaka juzi, shuka mia sita na arobaini:
"Mama Nanyaro, bei nzuri, kazi nzuri,
ila mwache yule bwana mwenye ghala Njiro
aandike jina lake juu, wewe ushone chini."
Nikashona chini.
Shuka zangu zikaingia wodini na jina la mtu.
Nimewahi kulala juu ya mojawapo,
mwezi ule nilipougua tumbo;
niliujua upindo wangu kwa kidole, gizani,
kama mtu anavyojua kovu lake.

Siogopi fomu, bwana.

Nikamwaga vitu mezani,
nikaugeuza mkoba ndani nje.
Mshono wa ndani haujui kusema uongo:
uzi mwembamba, mwisho hauna kifundo,
na kijitambaa cheupe kikitaja nchi
ambayo meli yake hutumia wiki sita kufika.
"Huu umeshonwa wapi?" nikauliza.
Swali halikuwa kubwa.
Kipaza sauti ndicho kilikuwa karibu.

Kijiko kimoja kiligonga kikombe, kikanyamaza.
Leokadia, ofisa wa mfuko, akaugeuza na wake.
Akasoma. Akasoma tena,
kama anayesoma majibu ya daktari.
"Hapa tumekosea," akasema,
"na sisi ndio tunaofundisha."

Sitadanganya kwamba mbingu zilifunguka.
Ilichukua miezi mitano na barua kumi na moja,
na kijana wa manunuzi aliyetaka kujua
kama kweli chumba changu kina mlango wa dharura.
Kina mlango mmoja. Nikaandika: mmoja.
Septemba ikaja karatasi, jina letu juu:
mikoba mia tatu,
nusu ya fedha kabla uzi haujaingia sindanoni.
Na tulipoziomba tena zile shuka
mfuko ukasimama benki
mahali pa shamba ambalo sina.

Sadaka naijua. Nimepokea unga, nimepokea kanga,
nimepokea cherehani iliyokuja bila mkanda;
nilishukuru, tukapigwa picha.
Hii haikuwa sadaka.
Mtu alinipa deni, akanipa tarehe,
akanipa na haki ya kugombezwa
mzigo ukichelewa.

Ishirini na miwili ilirudi. Zipu mbovu.
Tulifumua usiku kucha,
Naishiye akilaani kwa lugha ya mama yake,
mvua ikipiga bati, taa ikizima na kuwaka.
Hakuna aliyekuja na kamera.

Ndani ya kila mkoba, kando ya mfuko wa kalamu,
pale asipoangalia mtu
isipokuwa mtu kama mimi,
tumeshona maneno mawili kwa uzi mweusi:
Unga Limited.

Shuka? Bado.
Bahasha zinafunguliwa Alhamisi, saa nne.
Viatu nimeshavipiga rangi.