Kiberiti

Harufu ya yai viza ilitutangulia kila mahali.
Ilipanda na upepo wa Kizota hadi darasani,
watoto wakatazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Gesi ya machinjioni iliwaka vizuri, ila ilitafuna:
valvu, injini ya jenereta,
hata bangili ya shaba ya Yeledi
ikawa nyeusi mkononi.

Ndipo Sechelela akasimamisha pipa refu,
akalijaza magunzi, maji ya uvuguvugu
na tope aliloteka mabwawa ya Swaswa.
"Wamo humu. Wape hewa kidogo.
Ukiwapunja, wanalala. Ukiwazidishia, wanatema tindikali."

Mimi niliyelisha ng'ombe na mbuzi
sikuwahi kulisha nisiowaona.

Wiki tatu, uvundo uleule.
Ya nne, alfajiri, niliinamia bomba, nikanusa.
Nikanusa tena.
Vumbi tu,
na maandazi ya mtu ng'ambo ya reli.

Chini ya pipa, unga wa njano.
"Kiberiti," alisema.
Nikapapasa mfukoni nimpe cha kuwashia.
Alicheka hadi akaegemea ngazi.
"Hicho chako kimeazima jina. Chenyewe ndicho hiki."

Jumamosi nilibeba ndoo hadi Hombolo,
kwenye zabibu za mama.
Ubwiri ulikuwa umeshika majani,
mweupe kama majivu ya jana.
Alichovya kidole, akakikunja uso kabla hajakifikisha puani.

"Kinanuka?"

"Kilinuka," nikamwambia.
"Wako waliokila kwanza."

Akatazama ndoo, kisha mizabibu,
akaniuliza kama wameshiba.