Kabla Sijakufunga

Kabla sijakufunga, nisikize.
Parafujo nane zimebaki mezani, zote za shaba.
Ile ya chuma niliitupa jana dirishani
baada ya siku tatu za kugombana nawe,
ukishikilia kwamba kaskazini iko Mtongwe.
Hukuwa mwongo. Ulikuwa na jirani mbaya.

Nimekutesa, najua.
Majengo, kwa Shebwana muoka mikate,
ulilala tanurini mikate ilipokwisha kutoka,
nyuzi themanini, saa sita nzima,
asubuhi ukanuka hamira na iliki.
Bakuri wa Liwatoni alikuzika barafuni
kati ya nguru na kolekole,
akaniuliza, "Na huyu kilo bei gani?"
Kongowea nilikufunga kwa mpira wa baiskeli
kwenye ubavu wa kinu cha Nyevu.
Magunia kumi na moja ya mahindi yalipita
ukitetemeka, mpaka lehemu moja ikaachia,
ile niliyoitia Ijumaa mbiombio.
Nyevu ndiye aliyesikia kwanza:
"Kitu chako kimebadili sauti."

Chumvi haipigi hodi.
Hapa Shimanzi imekula bawaba, imekula komeo,
imeingia kabatini ikala sindano za cherehani ya mama.
Kwenye shaba huacha ukijani mdogo, kama uvumi,
ukija kuuona, nyumba imeshavunjika.
Nimekupaka tabaka tatu. Ya nne
nimeipaka kwa sababu ya woga tu.

Mwadzaya wa ofisini aliniuliza
mbona nisiagize cha ng'ambo, kilichokwisha kupimwa.
Nikamletea cha mwaka jana, kizuri, kina muhuri.
Nikakitikisa sikioni mwake.
Kilicheza maji kama dafu.

Unakokwenda hakuna setilaiti.
Likoni, usiku, chini ya tumbo la feri,
saa mbili tu ambazo propela zimelala,
maji rangi ya chai iliyochacha,
wewe kichwani mwa mashine ya kuzamia
ukipapasa nyufa kwenye mishono.
Mbingu haitakwambia ulipo.
Na feri nayo ni chuma, tani kwa tani,
ukoo mzima wa ile parafujo niliyoitupa,
kwa hivyo dira usiisikize sana.
Hesabu. Umetoka wapi, umepinda kiasi gani,
kwa mwendo gani. Basi.

Hapo ndipo usingizi unaponiruka.
Kila saa unapotoka nyuzi mbili.
Kihisi ni cha bei niliyoimudu,
na kinapopotoka hakisikii chochote,
kinaendelea kujiamini.
Nimekufundisha kusimama.
Kila dakika tano gusa chuma, tulia tuli,
na mwendo wowote utakaouhisi wakati huo,
huo si mwendo, ni kosa lako.
Litoe, uendelee.
Mstari huu wa maagizo ni mfupi kuliko yote.
Umenichukua tangu Rajabu.

Haya. Mpira una grisi.
Nakaza kwa kupishanisha: moja, tano, tatu, saba,
nusu zamu, nusu zamu.
Kifuko cha kunywa unyevu kimo.
Imo pia hewa ya chumba hiki, sina pa kuitoa:
moshi wa lehemu, mafuta ya magari ya depo,
kidogo cha pumzi yangu.

Ukirudi umeloa ndani, usijitetee.
Nitakufungua polepole
nitazame maji yalipitia wapi.