Senti Tano ya Nyanzobe

Kwenye gati la Kamanga, upande wa mjini,
dirisha langu la tiketi linatazamana na sinia lake.
Miaka kumi na tisa, na hatujawahi kuonana:
yeye haoni,
na mimi, nikiri, nilikuwa namtazama tu.

Nyanzobe huuza karanga zilizokaangwa kwa mchanga wa ziwa,
amezifunga kwa kurasa za madaftari,
unatafuna huku unasoma hesabu ya mtoto wa darasa la nne
na kosa lake.

Fedha aliijua kwa kidole gumba.
Hakusema mia, hakusema mia mbili.
"Umenipa swala," humwambia mtu, "na bei ni simba."
Faru wa benki, alisema,
ana pembe nyingi kuliko faru wa porini.
Mlevi mmoja alimpa washa ya boliti;
akairudisha kabla hajamaliza kuipokea:
"Mnyama huyu hana tumbo."

Kisha faru wakaadimika.
Madukani wakaanza kurudisha chenji ya pipi.
Yeye akajiwekea kiwango chake:
faru mmoja, karanga kumi na moja,
akizihesabu kiganjani mwa mteja moja moja,
na ile ya mwisho akiibonyeza kama muhuri.

Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawakutuambia, haba ikifutwa,
kibaba kianzie wapi.

Mimi ndiye niliyemsajilia laini.
Mimi ndiye niliyeandika namba ubavuni mwa sinia,
tarakimu sita kwa rangi iliyobaki kwenye pantoni,
kubwa, za kusomwa na kila mtu isipokuwa mwenyewe.
"Ikilia," nikamwambia, "hela imeingia."
Akauliza, "Simba analiaje? Na swala je?"
Nikasema mlio ni ule ule.
Akanyamaza kama mtu aliyeambiwa
wanawe wote wamepewa jina moja.

Masunga, mjukuu wake, alimsomea meseji
mpaka shule zilipofunguliwa.

Jumanne ile pantoni ilikwisha piga honi ya pili.
Kijana mwenye sauti ya adabu akataka pakiti nne.
"Nimetuma, bibi."
Simu ikalia.
Akampa nne, na ya tano kwa sababu ya shikamoo.

Pantoni ilipokwisha geuza pua kuelekea Sengerema
akapapasa ukuta hadi kwangu,
akapitisha simu dirishani.
Ilikuwa imeandikwa: Tafadhali nipigie.
Hela, hakuna.
Nilisoma mara mbili, zote kwa macho.
Kisha nikasema, kwa mdomo,
"Mia nane, mama. Zimeingia."

Ziwa lilipiga matairi ya gati.
Korongo wawili waligombania utumbo wa sato.
Nyanzobe aliinamisha kichwa upande,
kama anavyofanya sarafu ikimtilia shaka.
"Sauti yako leo," akasema, "haina ukingo."

Sikujibu. Foleni ilikuwa imeanza,
mtu na baiskeli, mtu na tenga la kuku,
msichana ananyoosha kadi yake, anauliza mashine iko wapi.

Yeye akafungua fundo la kanga,
akatoa kitu, akakiweka juu ya tiketi zangu.
Senti tano. Ya zamani, nyekundu,
samaki mgongoni amelika hadi akabaki mwiba.
"Huyo hanunui kitu
tangu kabla sijaolewa mara ya pili.
Lakini mtu akikwambia mjini hapa
kuna watu hawana hata senti tano,
mimi usinitie humo."

Nilitaka kumwambia ukweli. Nilitaka pia
kumlipa mia nane kutoka mfukoni,
ila mfukoni nilikuwa na simu tu.

Nikairudisha sarafu kiganjani mwake.
Akaipapasa kwanza,
ubavu kwa ubavu, bila haraka,
ndipo akafunga fundo.