Sentimita Tatu

Unywele hukua sentimita moja kwa mwezi,
ndivyo tulivyofundishwa maabara,
na kila sentimita ni shajara
iliyoandikwa na damu, bila kalamu, bila kupenda.
Kata tatu zilizo karibu na ngozi,
zisage, ziloweke usiku kucha,
asubuhi mashine itakuambia
mwenye kichwa hiki alibeba mzigo gani
tangu Septemba.

Haitakuambia mzigo wa nini.

Basi nikazunguka Gyumri na mkasi,
baridi ikinitafuna masikio,
nikibisha milango ya waliokuwepo
Desemba ile, saa tano na dakika arobaini na moja,
ardhi ilipojikung'uta kama mbwa aliyetoka mtoni.
Mwoka mikate. Mwalimu wa fidla.
Dereva mstaafu wa treni aliyeniinamishia kisogo:
"Kata, binti, ila uniachie za kuzikwa nazo."

Mama yangu nilimweka wa mwisho.
"Mimi sina neno," alisema Varsenik,
akiendelea kukunja mashuka.
Viatu vyake vilikuwa kando ya kitanda,
kamba zimelegezwa, vidole vikitazama mlango,
kama vilivyokuwa utoto wangu wote.
Nilikua nikidhani kila nyumba duniani hulala hivyo:
mlango haufungwi kwa ufunguo,
na lori zito likipita barabarani,
glasi zikagongana kabatini,
mama husimama wima katikati ya sentensi
mpaka glasi zinyamaze,
kisha hulichukua neno palepale alipolidondosha.

Aliyeumwa na nyoka hushtuka aonapo ung'ong'o:
hilo halihitaji maabara.
Lakini aliyeshtuka kila siku
miaka zaidi ya thelathini,
mwishowe hushtuka kwa kutumia nini?

Nilitarajia namba kubwa.
Kotisoli ni mlinzi wa zamu,
nilidhani wa mama atakuwa hajawahi kulala.
Namba ikatoka ndogo.
Ndogo kuliko za wanafunzi wa chuo
waliozaliwa baada ya yote.
Nikaosha vyombo, nikarudia. Ndogo.
Daktari Tigranuhi alivua miwani, akaifuta kwa koti.
"Huwa hivyo kwa baadhi yao, si kwa wote,
na kichwa kimoja si ushahidi.
Ila usije ukaandika utulivu.
Kisima kikavu nacho hakina mawimbi."

Kwenye karatasi mama ni 117.
Nikamwandika, nikafunga faili,
nikanunua mkate njiani, bado wa moto.

Usiku alinijia na boksi la biskuti.
Ndani, msuko wa kahawia wenye utepe,
wa dada yangu Nvard,
aliyenitangulia kuzaliwa na ambaye sikumkuta.
Sikujua kama upo.
Sikujua kama boksi lile halikuwa na sindano.
"Hizi nazo mnaweza kuzisoma?
Nataka kujua jambo moja tu.
Aliogopa?"

Unywele hauandiki dakika.
Hofu lazima ihamie, ipange vyombo,
ipike, ifue, ihesabu wiki,
ndipo ichipuke kichwani ionekane.
Dakika moja chini ya darasa lililoanguka
haiachi hata nukta.
Hayo niliyajua. Nalipwa kuyajua.

"Mama," nikasema, "humu hamna hofu ya siku ile."

Kila neno la kweli.
Alinitazama kama anayepima kitambaa
ambacho muuzaji amekisifu mno.
Kisha akaukunja msuko, mzunguko baada ya mzunguko,
akasema, "Alikuwa anapenda kuchelewa shule. Siku ile
mimi ndiye nili..."

Lori likapita. Glasi zikaanza.
Akasimama wima, boksi kifuani,
nami nikajikuta nimesimama pia,
mkono ukutani, pumzi nimeibana,
mimi niliyezaliwa miaka minne baadaye.

Tukazingoja glasi.