Kikohozi

Kutoka roshani ya kinanda sizioni nyuso, naona visogo:
kipara cha Alojzy Pyka, chekundu kwa baridi,
kofia ya sufi ya Bi Halina wa duka la dawa,
na benchi la tatu, shingo ya Dorota Gawlik,
imenyooka kama mshumaa usiowashwa.
Miaka kumi na tisa nimewajua hivi, kwa nyuma.
Najua nani amenyoa kwa ajili ya msiba
na nani hanyoi tena tangu shimo namba tatu lifungwe.

Jumapili ile, ya mwisho kabla ya kura,
Padre Lucjan aliifunga Injili kwa kishindo,
akashika ukingo wa mimbari kwa mikono miwili.
"Ngano na magugu," akasema. Tukatulia. Mfano tunaujua.
"Lakini mwaka huu magugu yana chama.
Yana mabango. Yanagonga milango yenu yakitabasamu.
Magugu hayabembelezwi, ndugu zangu.
Hung'olewa, hufungwa matita, hutiwa moto.
Na mengine," hapo akashusha sauti kama mtu anayetaja bei,
"tumeketi nayo humu. Benchi la tatu."

Dorota hakugeuka.
Anagombea udiwani; ameahidi lami mpaka hospitali
na basi la saa kumi na moja alfajiri.
Mwanawe alikuwa akichezea zipu ya koti,
juu, chini, juu.
Niliisikia ile zipu hadi huku roshani.

Ndipo Alojzy akakohoa.
Hakukusudia, naapa. Mapafu yake yamehifadhi
miaka thelathini na mmoja ya vumbi la makaa,
na vumbi halingoji mwisho wa mahubiri.
Padre akasubiri. Akaanza upya: "Magugu..."
Bi Halina akakohoa.
Huyu hana ugonjwa. Huyu ndiye muuza dawa ya kikohozi.

Kisha mmoja kule nyuma, karibu na maji ya baraka,
kisha wawili, kisha sikuweza kuhesabu,
Kanisa la Mtakatifu Barbara likakohoa
kama mgodi uliokumbuka waliobaki chini.

Si wote. Bwana Froelich alisimama akapiga makofi,
mara tatu, akayasikia yalivyo mapweke, akaketi.
Rozalia akafyonya: "Aibu! Mbele ya Sakramenti!"
Na ndugu wawili wa Kałuża, benchi moja,
huyu anakohoa, yule anamtia kiwiko cha mbavu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, husemwa.
Na hasira je? Na woga?

Padre akainua macho kwangu. Kidole kimoja tu: piga.
Zaburi yoyote. Funika.
Mshahara wangu hutoka katika bahasha yake kila tarehe tano.
Nikapiga.
Nikafungua sauti zote za kinanda, nikapiga,
koo likiniwasha.

Usiku ule mtu aliacha tita la magugu mlangoni kwa Dorota,
limefungwa kamba vizuri, kwa fundo la mtu mwenye subira.
Alishindwa kwa kura kumi na nne.
Jumanne Padre alimpelekea Alojzy komunyo kitandani,
na chupa ya sharubati ya matunda.
Halina anasema aliilipia kwa sarafu, akauliza,
"Inafaa kwa kikohozi?"
Akamjibu, "Inategemea kinatoka wapi."

Jumatano nilikwenda kanisani peke yangu, kufanya mazoezi.
Sikuwasha taa. Benchi la tatu lilikuwa na kijitabu cha nyimbo
na kitufe cha koti la mtoto.
Nikakohoa. Mara moja, kwa adabu, kiganja mdomoni.
Dari likanirudishia
kwa kuchelewa, kama nilivyochelewa.