Bahari ya Pasiansi

Ziwa zima liko chini ya dirisha langu,
nami nanunua chumvi kwa kilo
nitengeneze bahari ya lita mia mbili.
Nyanjige wa jirani hucheka: "Kwani umekosa maji?"

Mwezi wa tatu mwani ukaota juu ya matumbawe,
nywele za kijani zisizosikia kitana.
Nikapunguza taa: saa nane kwa siku, kisha sita, kisha nne.
Kila Jumamosi nikabadili maji,
nikasugua mawe kwa mswaki uliochakaa.
Konokono wakala, wakashiba, wakalala.
Jumatatu, kijani tena.

Mwani hauji bure. Kuna mtu anaulisha.

Nikamkuta Magesa, miaka sita, juu ya kigoda,
ngumi imejaa dagaa wa Kirumba,
akiwanong'oneza samaki: "Kuleni upesi,
baba anawanyima."

Sikugomba. Nje magugu maji yamefunga tena mwalo,
na mfereji wetu, na povu la nguo zangu,
unateremka ziwani.

Nikamtafutia mswaki wake.
Leo tumesugua wawili, bila maneno mengi,
naye kila mara ananusa vidole.